Mji Alioupaka Rangi Twahiru

Herufi ya mwisho ambayo Twahiru aliiona sawasawa ilikuwa S. Alikuwa juu ya ngazi, katika mtaa wa Rwezamenyo, Rwanda, akipaka jina la saluni ukutani, na herufi ile ikamjia imezungukwa na weusi mwororo, kama kitu kinachotazamwa kupitia bomba. A aliipaka kwa mazoea ya mkono. L aliipaka kwa kukisia. Akashuka, akaosha brashi zake kwa mafuta ya taa, akazifunga kwenye gazeti, akarudi nyumbani na kumwambia mkewe, Mukamana, kwamba jua lilikuwa kali siku ile.

Halikuwa jua. Ilikuwa presha ya macho, ugonjwa uliokuwa ukimla kutoka pembeni kwa miaka mingi bila kumuuma. Daktari alimweleza kwa upole kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi. Mji ukaendelea kupungua mbele yake: ukawa sahani, ukawa kifungo cha shati, ukawa tundu la sindano, na asubuhi moja ya mvua akaamka akakuta haupo.

Usingizini tu ndiko alikoendelea kuona. Kila alipolala alijikuta akitembea katika mitaa ya Rwezamenyo, na mabango yote aliyowahi kuyapaka yalikuwa mabichi, rangi ikimetameta, hakuna aliyethubutu kuyagusa. Maduka ya vitenge, vinyozi, wauza maziwa, mafundi wa redio. Alikuwa amezaliwa mtaa huo, katika nyumba ya babu yake aliyefika na biashara ya vitambaa na hakurudi tena pwani, na kuanzia msikitini mpaka sokoni hukuweza kupita bila kusoma mkono wake. Aliamka akitabasamu. Kisha akafumbua macho na kukumbuka.

Mukamana, ambaye aliuza vitenge kwenye kiduka kilichopakana na nyumba yao, ndiye aliyesikia habari za darasa redioni.

"Baba Uwase," akamwambia, "kuna watu wanafundisha kuandika programu za kompyuta. Wamesema hata wasioona waje."

"Wasioona wataandikaje?"

"Sijui. Wamesema waje."

Akamshika mkono akampeleka. Darasa lilikuwa ghorofani, juu ya duka la viatu, na mwalimu wake aliitwa Frederick. Huyu alikulia Kampala. Kiswahili chake alikiokota njiani, kikakosa viungo hapa na pale, lakini hakikumzuia kusema alichotaka.

"Hapa hatusoma sana," aliwaambia siku ya kwanza. "Tunaandika kitu kidogo. Inavunjika. Tunatengeneza. Halafu kitu kingine. Ikivunjika, usikasirike. Programu iliyovunjika ni kama mgonjwa anayejua kusema inauma wapi."

Kila mwanafunzi alipewa mwenzake. Twahiru aliwekwa na mwanamke mwenye sauti ya chini, aliyenukia sabuni ya mche, ambaye alijitambulisha kwa jina la Gahongayire, kisha akaongeza, "Lakini mwanangu wa kwanza ni Rwema, kwa hiyo niite Mama Rwema kama wengine." Alikulia Bukoba na kurudi Rwanda akiwa msichana mkubwa, akafanya kazi ya ukatibu muhtasi katika ofisi moja ya serikali mpaka akastaafu. Watoto wake walikuwa ng'ambo. Nyumba yake ya Kibagabaga ilikuwa kubwa na kimya.

"Maisha yangu yote nimepiga chapa maneno ya watu wengine," alimwambia Twahiru. "Nikasema, kabla sijafa, niandike kitu ambacho kikiandikwa kinaamka na kufanya kazi."

Kompyuta waliyopewa ilikuwa na sauti iliyosoma kila kilichokuwa kwenye kioo. Frederick aliiwekea Kiswahili, kwa sababu Kiingereza cha sauti hiyo kilikuwa cha haraka mno kwa Twahiru. Kumbe maneno yenyewe ya programu ni ya Kiingereza, na ile sauti ikawa inayasoma kama Kiswahili, kwa heshima zote, bila kuruka hata irabu moja. Ilisema "ifu". Ilisema "returni". Ilisema "wihile". Mama Rwema alicheka mpaka akafuta machozi, akaibatiza sauti hiyo Katibu.

Zoezi la kwanza lilikuwa kumsalimia mtu kwa jina lake. La pili, kugeuza neno kinyumenyume, na Katibu akalitamka jina la Twahiru "urihawuti" kwa uso mkavu, kana kwamba ana uso. Kisha kutambua mwaka wa siku 366 na wa siku 365. Kisha kuondoa maneno yaliyorudiwa katika sentensi. Vilikuwa vitu vidogo kama mbegu za mtama, na kila kimoja kiliwashinda mwanzoni. Mama Rwema alichapa kwa kasi ambayo Twahiru hakuwahi kuisikia, mvua ya vidole, lakini programu ikirefuka kidogo tu macho yake yalipotea ndani yake. Twahiru hakuweza kuchapa. Alichoweza ni kuishika programu nzima kichwani.

Hilo waligundua siku ambayo Frederick alibadilisha kitu kwenye kompyuta yao. Tangu hapo, kabla ya kusoma mstari, Katibu alipiga mlio mfupi. Mstari ulioanzia ukingoni ulikuwa na mlio mzito. Mstari uliosogezwa ndani, kwa kuwa ni sehemu ya ule ulio juu yake, ulikuwa na mlio mwembamba zaidi. Na uliosogezwa ndani ya huo, mwembamba zaidi tena.

Twahiru alisikiliza mpaka mwisho.

"Ni ngazi," akasema. "Tumepanda, tumepanda, tumeshuka moja. Mama Rwema, hapa katikati kuna mstari umesimama ngazi ya chini. Ulipaswa uwe juu na wenzake."

Mama Rwema akasogeza uso karibu na kioo. Alikuwa ameutazama mstari ule tangu asubuhi bila kuuona. Akausogeza, na programu ikafanya kazi.

Kutoka hapo wakawa mtu mmoja mwenye vidole vya huyu na masikio ya yule. Ndoto za Twahiru nazo zikabadilika. Alikuwa bado akitembea Rwezamenyo, lakini mitaa ilianza kulia. Kila alipopanda kilima, hatua zake zilipiga sauti nyembamba zaidi, na juu kabisa, mahali ambapo ukungu hukaa asubuhi, mlio ulikuwa mwembamba kama uzi, na nyuma yake kulikuwa na mlango ambao hakuwahi kuufikia kabla ya adhana.

Walipokwisha kuzoea mazoezi madogo, Frederick akawaletea alichokiita ruwaza.

"Watu wengi wamepata shida yenu kabla yenu," alisema. "Wakaona, ah, dawa ya hii na dawa ya ile zinafanana. Wakaipa jina. Basi. Ruwaza ni hiyo. Si uchawi."

Aliwapa zoezi la kibanda cha chai. Mteja anauliza swali lilelile kila siku: chai ya leo ni ipi? Jibu hubadilika: leo ya maziwa, kesho ya tangawizi, keshokutwa ya rangi. Mama Rwema aliandika kibanda kilichojaa "kama": kama ni leo, kama ni kesho, kama maziwa yamekwisha. Frederick akakisoma na kuguna.

"Kibanda chenu kinajua mambo mengi sana," akasema. "Mtoe nje mwenye kujibu. Kibanda kiulize tu. Anayejibu akae pembeni, na ukitaka unamtoa, unaweka mwingine, na kibanda hakijui kama mtu amebadilishwa."

Zoezi hilo liliwachosha kuliko yote. Walilibomoa na kulijenga upya mpaka Mama Rwema akaanza kuota chai. Mwishowe lilikubali, nao wakaliacha, wakashukuru, wakadhani wameachana nalo.

Kazi ya mwisho wa darasa ilikuwa kujenga kitu kidogo. Sharti la Frederick lilikuwa moja tu: kiwe kitu ambacho wewe mwenyewe utakitumia kesho asubuhi. Twahiru hakufikiri hata kidogo. Kilikuwa tayari kichwani kwake.

"Nataka simu iniambie nilipo," alimwambia Mama Rwema. "Lakini isiniambie barabara namba fulani. Hiyo namba iko ya nani? Nataka nikipita kwenye duka, iniambie bango lake. Nayakumbuka yote, Mama Rwema. Rangi, herufi, mlango uko wapi, kuna kizingiti au hakuna. Mimi nitasema, wewe utachapa."

Akasema, naye akachapa. Jioni baada ya jioni Twahiru alikaa kichwa nyuma, macho yamefumbwa, na mji ukamtoka kinywani. Duka la Gaudiose, herufi nyekundu zenye kivuli cheupe, na chini yake kibaba na pishi vimechorwa kwa rangi ya udongo. Fundi wa redio, herufi za kijani zinazolala upande kama zinakimbia. Kinyozi Twagirayezu, mlango wa buluu, kichwa cha mtu kimenyolewa nusu. "Twagirayezu alitaka nusu," akaeleza, "ili watu waone kabla na baada." Mama Rwema, aliyekuwa akija Rwezamenyo kwa darasa tu na kurudi kwake, alihisi anaongozwa kwa mkono katika mji uliojengwa na mtu mmoja.

Kilichobaki kilikuwa alama za mahali. Mtu alipaswa kusimama mbele ya kila duka na kuiambia simu: hapa. Mama Rwema alijitolea kwenda peke yake, asubuhi, kabla barabara hazijajaa.

Alipofika mahali pa saluni, hakukuwa na saluni. Kulikuwa na kijiduka cha vioo kilichouza makava ya simu, na juu yake bango la plastiki lililochapwa kwa mashine. Akadhani amekosea, akarudi akahesabu milango kutoka msikitini kama Twahiru alivyomwelekeza. Hakuwa amekosea. Kwa fundi wa redio kulikuwa na wakala wa pesa za simu. Mahali pa muuza maziwa palikuwa na ukuta mpya mweupe usio na neno lolote. Kwa Twagirayezu palikuwa na uzio wa mabati, na nyuma yake mashine ikichimba.

Alisimama pale kwa muda, simu mkononi. Kisha akabonyeza: hapa. Akaenda kwenye inayofuata, akabonyeza: hapa. Alizichukua alama zote kama alivyotumwa, akarudi darasani, na Twahiru alipomuuliza, "Umeyaona?" akajibu, "Nimefika kote." Halikuwa jibu la swali, naye alilijua hilo.

Siku ya kuijaribu programu, Twahiru alivaa shati alilolipenda. Simu aliiweka mfuko wa kifuani. Mama Rwema alitembea kando yake, nyuma kidogo. Mvua ilikuwa imekatika, na lami ilitoa mvuke ule unaofanya mji uonekane kama unapumua.

"Saluni," Katibu akasema kutoka mfukoni. "Herufi za zambarau. Mlango kushoto."

Twahiru akasimama. Uso wake ulibadilika namna ambayo Mama Rwema hakuwahi kuiona. Ulikuwa uso wa mtu anayetazama.

"Hii ndiyo iliyonishinda katikati," akasema. "L yake imepinda, sivyo?"

"Twende," akasema Mama Rwema.

Wakaenda. Katibu aliyasema mabango moja baada ya jingine, na kila moja lilipotajwa Twahiru aligeuza kichwa upande wake, akatikisa kidogo, kama anayesalimia. Mwendo wake ukazidi kuwa mwepesi. Mahali fulani baada ya duka la Gaudiose alikunja fimbo yake nyeupe na kuiweka kwapani. Mama Rwema alitaka kusema neno. Neno lilikuwa kinywani kabisa. Lakini mbele yake kulikuwa na mtu anayetembea katika ndoto yake mchana kweupe, na hakupata moyo wa kumwamsha.

"Kinyozi Twagirayezu," akasema Katibu. "Mlango wa buluu, mkono wa kulia. Hakuna kizingiti."

"Twagirayezu," akaita Twahiru, akigeuka kulia na kuharakisha. "Toka nje, nimekuletea kitu cha kusikiliza."

Akagonga nguzo ya uzio kwa paji la uso. Mabati yote yakalia. Alikaa chini kwenye matope, damu ikimshuka kandokando ya pua, mikono yake ikipapasa bati baridi, juu, chini, ikitafuta mlango.

"Nini hii?" akauliza.

Mama Rwema alikwisha kupiga magoti karibu yake, akimfuta kwa mtandio wake. "Ni uzio. Wanajenga."

"Na Twagirayezu?"

"Hayupo."

"Na saluni?"

"Wanauza makava ya simu."

Twahiru akamtajia mabango, moja moja, kwa mpangilio uleule waliouandika, na kila moja Mama Rwema akalijibu kwa ukweli. Walikuwa wamekaa chini wote wawili, watu wakiwapita. Mwisho Twahiru akauliza, "Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku niliyokuja kuchukua alama."

Twahiru alishika ukingo wa bati, akasimama. Akaomba kurudishwa nyumbani.

Mukamana alimwosha jeraha kwa maji ya chumvi. Lilikuwa dogo, halikuhitaji kushonwa. Twahiru alisubiri mpaka alipomaliza, ndipo akasema, "Na wewe ulijua."

"Napita pale kila siku, Baba Uwase."

"Kwa nini hukuniambia?"

Mukamana alikamua kitambaa polepole. "Ulikuwa unaamka unatabasamu," akasema. "Nikaogopa kukunyang'anya."

Twahiru hakwenda darasani wiki hiyo wala iliyofuata. Mvua za masika zilikuwa zimetulia juu ya vilima, na alikaa kibarazani akisikiliza maji yakikimbia mferejini. Mabaya zaidi, aliacha kuota. Alilala kama jiwe na kuamka kama jiwe.

Mama Rwema alikuja siku moja alasiri, viatu vimelowa. Mukamana akamkaribisha chai, akawaacha peke yao.

"Sikukusudia mabaya, mdogo wangu," akaanza.

"Najua."

"Nilikuonea huruma."

"Hilo nalo najua. Ndilo linaloniuma." Akakiweka kikombe chini. "Mama Rwema, ofisini, ukiona bosi wako ameandika jambo ambalo halipo, ulikuwa unapiga chapa tu?"

"Hapana. Nilikuwa nabisha hodi, naingia, namwambia."

"Hata akiwa mkali?"

"Hata akiwa mkali."

"Basi kwangu hukubisha hodi."

Mama Rwema aliinamisha kichwa. "Kweli," akasema. "Sikubisha. Unisamehe." Akakaa mpaka chai ikapoa, akaaga. Kwenye meza aliacha kompyuta ya darasa ndani ya mkoba wake. Frederick ndiye aliyeituma.

Zilipita siku mbili tatu kabla Twahiru hajaifungua. Hakuwa amewahi kuandika bila vidole vya Mama Rwema. Alipapasa vibonye, akapata vile viwili vyenye kinundu ambavyo Frederick alimwonyesha zamani, akaweka vidole vyake vya shahada hapo, akaanza kutoka hapo kwenda kulia na kushoto, kama mtu anayejifunza chumba kipya. Kila herufi Katibu aliitaja. Nyingi zilikuwa za makosa. Mukamana, akiwa dukani upande wa pili wa ukuta, alisikia "ifu" ikisemwa, ikifutwa, ikisemwa tena, wateja wakiuliza ni nani huyo anayesomeshwa.

Alisikiliza programu yao yote kuanzia mstari wa kwanza. Ilikuwa na kosa, lakini si lile alilolidhania. Hakuwa amekosea kukumbuka. Duka la maziwa lilikuwa kweli na ndoo nyeupe iliyochorwa juu ya buluu. Mkono wake ulikuwa shahidi. Kosa ni kwamba walikuwa wameshona mahali na jibu pamoja, kitambaa kimoja, kana kwamba mahali hapawezi kujibu ila kwa namna moja.

Kibanda chao kilijua mambo mengi sana.

Akaanza kukifumua. Akaacha mahali pawe mahali tu, penye swali moja: hapa pana nini? Wenye kujibu akawatoa nje, wakae pembeni. Wa kwanza akamwita Zamani. Wa pili akamwita Sasa. Ilimchukua mvua nyingi. Mara programu ilivunjika, Katibu akamsomea mahali inapouma, akaenda huko kwa vidole, ngazi kwa ngazi, akisikiliza mlio mpaka aupate ule uliosimama vibaya. Kuna mchana mmoja alifuta kazi ya asubuhi nzima kwa kubonyeza vibaya, akatoka nje akasimama chini ya mvua, akarudi ndani akaanza upya, na ya pili ikawa fupi na safi kuliko ya kwanza.

Siku ilipokubali, alimuuliza Zamani kuhusu mitaa yote, naye akajibu vizuri, kwa rangi zote. Kisha akamtoa, akamweka Sasa, akauliza swali lilelile.

"Sijui," akasema Katibu. "Sijui. Sijui. Sijui."

Twahiru alisikiliza mpaka mwisho wa mtaa. Kisha akampigia simu Mama Rwema.

"Nimeandika mji ambao haujui kitu," akamwambia.

"Nije lini?" akauliza Mama Rwema.

"Mvua ikikatika."

Wakatoka tena wote wawili, safari hii fimbo ikiwa mbele, ikigonga lami. Mahali pa saluni walimkuta Bertrand, kijana mwenye duka la makava ya simu, amekaa kwenye kiti cha plastiki.

"Bango lako liko rangi gani?" Twahiru akamuuliza baada ya salamu.

"La kawaida tu, mzee."

"Nimepaka rangi miaka mingi. Sijawahi kununua ndoo ya rangi ya kawaida."

Bertrand akacheka, akatoka nje, akavuka barabara, akalitazama bango lake mwenyewe. Alikaa huko muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Ni njano," akasema aliporudi, kwa sauti nyingine. "Si ya ndizi. Ni kama kiini cha yai la kuchemsha. Na herufi ni nyeusi, lakini moja imeanza kubanduka. Sikuwa nimeiona."

"Ipi?"

"K."

Mama Rwema akachapa. Wakaenda kwa wakala wa pesa, wakaenda kwenye ukuta mweupe, na Mama Rwema alipomwambia kwamba ni mweupe, Twahiru akamtaka aseme kama ni weupe wa maziwa au wa chokaa, naye akauinamia ukuta kwa muda mrefu kabla ya kujibu, "Wa chokaa. Na kuna alama ya mkono wa mtoto, chini." Vyote viliingia.

Gaudiose alikuwa bado yuko dukani kwake, mama mnene mwenye maneno mengi. Alimshika Twahiru mikono yote miwili.

"Wameniwekea plastiki, watu wa kampuni ya juisi," akasema. "Ndiyo mtindo siku hizi. Lakini lako liko palepale. Sikulipaka chokaa. Ningelifutaje?"

Akaleta kigoda, akamsaidia kupanda, akainua ukingo wa plastiki. Twahiru akaingiza mkono chini yake. Rangi ya mafuta huacha ukingo mwembamba mahali brashi ilipoishia, na vidole vyake viliupata ukingo huo na kuufuata, G, A, U, wakati mwingine vikisimama. Alipofika mwisho wa jina akashuka, akajifuta vumbi kwenye suruali.

"Mama Rwema," akasema, "hapa majibu yote mawili ni ya kweli. Andika hivyo."

Kuhusu Twagirayezu, Gaudiose ndiye aliyejua. Kinyozi alihamia Busanza, ananyolea kibarazani kwake. Wakampigia, akafurahi mno, akasema wateja wapo, ila ukuta bado mtupu.

Siku ya kuonyesha kazi, Frederick alivaa vipokea sauti na kutoka nje peke yake na simu yao. Alikawia. Aliporudi alisema majina waliyochagua ni mazuri, na kwamba kuna mistari wameirudia mara mbili bila sababu, waitoe kabla ya kwenda nyumbani. Kisha akavivua vipokea sauti na kuviweka mezani kwa uangalifu kama vitu vya kioo.

"Mtu akikuja na wa tatu," akauliza, "anayejibu kwa Kinyarwanda, mtavunja nini?"

"Hakuna," akasema Twahiru. "Atakaa pembeni na wenzake."

Frederick akaguna, na kwa Frederick guno hilo lilikuwa sherehe.

Siku hizi Twahiru huenda darasani peke yake. Fimbo yake iko mbele, na Sasa yuko mfukoni akimwambia pale pana mchanga umemwagwa, pale kijana fulani amefungua duka la juisi, herufi za kijani kibichi. Mambo hubadilika, na wenye maduka wamezoea kumwita anapopita: Twahiru, nimehamisha mlango. Anasimama, anauliza rangi, anaandika mwenyewe kwa vidole viwili, taratibu. Ndoto zimerudi, ingawa si kila usiku, na baadhi ya mabango anayoyaona humo hakuyapaka yeye.

Mama Rwema huteremka kwenye basi kabla ya kituo chake na kumalizia kwa miguu. Simuni mwake amemweka Zamani. Asubuhi moja, ukungu ukiwa bado umelala barabarani, alipita kwenye uwanja wa kuegesha magari ambao hakuwahi kuutilia maanani, na Katibu akasema, "Umulisa, muuza maua. Herufi za waridi, nyembamba. Kuna makopo ya maua mpaka barabarani, pita taratibu." Akapunguza mwendo. Akapita kati ya magari mawili akiwa ameshika gauni lake, asije akakumba kitu.

Alipofika ghorofani Twahiru alikuwa amekwisha kufika, kompyuta imewashwa.

"Umechelewa, Mama Rwema."

"Nilipita kwa Umulisa."

Twahiru akatabasamu, akamsogezea kiti. "Zoezi jipya limekataa," akasema. "Keti usikilize."